TV-am na BBC, 1983: Leseni Ilipatikana, Watazamaji Hawakuja

Kila panapozuka hapa Mombasa mazungumzo ya kuwa na kipindi chetu cha asubuhi cha televisheni, kitangazwe kutoka pwani na si kutoka Nairobi, maswali mawili hutangulia mengine yote: ni mtangazaji gani maarufu atakayekalishwa kwenye kochi, na ni tajiri gani atakayetia mtaji. Nimeyasikia kwa watu wa redio, kwa wenye kampuni za matangazo, na hata kwa wanafunzi wa uanahabari. Kiko kisa kimoja cha Uingereza, cha kituo cha asubuhi kilichoitwa TV-am, kinachofaa kusomwa kabla ya kuyajibu, kwa sababu wahusika wake walikuwa wameyajibu yote mawili kwa namna ambayo ni wachache waliotarajia kuiona ikishindwa. Walikuwa na nyuso tano zilizojulikana nchi nzima, walikuwa na wenye mtaji nyuma yao, na juu ya hayo walikuwa na leseni ambayo hakuna kampuni nyingine ya biashara iliyokuwa nayo. Walianza kutangaza tarehe 1 Februari 1983. Tarehe 18 Machi mwaka huo huo, mwenyekiti wao alikuwa amekwisha kuondoka, fedha zilikuwa zikiwaishia, na mshindani wao, BBC, ambaye hakuwa hata na ruhusa ya kuuza matangazo, alikuwa amewaacha mbali.

Uingereza ya miaka hiyo haikuwa na mazoea ya kuwasha televisheni asubuhi. Asubuhi ilikuwa ya redio na ya gazeti. Vituo viwili vya kaskazini mwa England, Yorkshire na Tyne Tees, vilijaribu kwa majuma machache mwaka 1977, jaribio likaisha na mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Televisheni ya biashara, yaani mtandao wa ITV, ilisimamiwa na mamlaka iliyoitwa Independent Broadcasting Authority, kwa kifupi IBA, ambayo wakati huo haikuuza leseni kwa mwenye pesa nyingi zaidi bali iliwapa wale iliowaona wanafaa. Na kufaa kulipimwa kwa uzito wa maombi yaliyoandikwa na kwa heshima ya walioyatia saini. IBA ilipoamua kutoa leseni moja ya asubuhi kwa nchi nzima, kundi lililoibuka na ushindi, tarehe 28 Desemba 1980, lilikuwa TV-am.

Kiongozi wake alikuwa Peter Jay, mwandishi wa zamani wa uchumi katika gazeti la The Times na baadaye balozi wa Uingereza nchini Marekani. Pamoja naye walikuwako David Frost, Michael Parkinson, Anna Ford, Angela Rippon na Robert Kee, watangazaji watano ambao hawakuajiriwa tu bali walikuwa na hisa katika kampuni. Jay alikuwa na fikra yake kuhusu habari za televisheni, fikra ambayo yeye na mtayarishaji wa televisheni John Birt walikuwa wameitetea magazetini tangu katikati ya miaka ya sabini: kwamba televisheni humwonyesha mtazamaji tukio bila kumweleza sababu zake, na kwa hiyo humwacha na picha nyingi na ufahamu mdogo. TV-am ingekuwa dawa ya kasoro hiyo. Ingekuwa na wajibu wa kufafanua.

Fikra hiyo si ya kipuuzi, na wanaoisimulia leo kwa kucheka hawamtendei Jay haki. Yeyote aliyewahi kutazama taarifa ya habari ya dakika saba kuhusu bajeti ya serikali, akaondoka akijua tu kwamba waziri alibeba mkoba, anaujua ugonjwa aliokuwa akiuzungumzia. Kasoro ilikuwa mahali pengine. Maombi yale ya leseni yaliandikwa yasomwe na wajumbe wa IBA, watu wazima wenye elimu na vyeo, ambao walikuwa na kila sababu ya kutaka televisheni ya asubuhi iwe na heshima ili wasije wakalaumiwa kwa kuiruhusu. Kwa msomaji wa namna hiyo, balozi mstaafu na watangazaji watano mashuhuri ni hoja isiyopingika. Lakini maombi yakishakubaliwa huwa ni ahadi, na ahadi ile ilimfunga Jay na wenzake watengeneze kipindi cha kuwaridhisha watu waliokuwa wamekwisha kutoa uamuzi, ambao haikulazimu hata wawe macho saa kumi na mbili ya asubuhi.

Kisha ukapita muda mrefu. Channel 4, kituo kingine kipya chini ya IBA, ilikuwa inatarajiwa kuanza, ikaanza tarehe 2 Novemba 1982, na IBA haikutaka mambo mawili mapya yagongane, kwa hiyo TV-am ikaambiwa isubiri. Katika kusubiri huko BBC ikapata nafasi. BBC haikuhitaji leseni ya IBA. Ilikuwa na studio zake za Lime Grove, ilikuwa na wafanyakazi wake, ikampa kazi mhariri Ron Neil, na tarehe 17 Januari 1983, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kipindi chake Breakfast Time kikaingia hewani. TV-am ilibidi iharakishe, ikaanza majuma mawili baadaye.

Watu wa TV-am walikuwa wamejiandaa kupigana na BBC waliyoijua, BBC ya suti na meza na sauti nzito. Waliyoikuta ni nyingine. Frank Bough, mtangazaji wa michezo aliyekuwa amekomaa kazini, alikaa juu ya kochi jekundu akiwa amevaa sweta. Kando yake alikuwa Selina Scott, na Nick Ross akishughulikia habari na mahojiano. Mtabiri wa hali ya hewa, Francis Wilson, alizungumza kama jirani. Diana Moran, katika vazi la kijani kibichi, aliwafanyisha watu mazoezi ya viungo. Russell Grant aliwasomea nyota zao. Wasomaji wa hapa wanaomkumbuka marehemu Sheikh Yahya Hussein hawatahitaji kuelezwa ni kwa nini mtu hachoki kungoja kusikia nyota yake, hata yule anayeapa kwamba haamini falaki. Habari zilikuwapo na zilikuwa za kweli, lakini zilikuja kwa vipande vifupi, zikarudiwa, na saa ikabaki imeandikwa kwenye pembe ya kioo ili asije mtu akachelewa kazini kwa ajili ya televisheni.

Kwa maneno mengine, shirika la umma lililolipiwa na ada ya wananchi lilishika njia nyepesi ambayo kila mtu alidhani kampuni ya biashara ndiyo ingeishika, na kampuni ya biashara iliyotegemea matangazo ikajikuta imeshika njia ya shirika la umma. Siku ya kwanza, TV-am ilianza saa kumi na mbili kamili kwa saa nzima ya habari, kipindi kilichoitwa Daybreak, mbele akiwa Robert Kee, mwanahistoria na mwandishi anayeheshimika. Ndipo saa moja kikafuata Good Morning Britain na Frost na wenzake hadi saa tatu na robo. Saa nzima ya maelezo kwa mtu anayetafuta soksi ya mtoto.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na naona ni afadhali kukitazama kwa karibu kupitia asubuhi tunayoijua wenyewe. Chukua mkahawa wowote wa Mwembe Tayari, saa kumi na mbili na nusu. Televisheni imewekwa juu ya friji ya soda, imeinamishwa kidogo. Mwenye mkahawa anaepua mahamri, na mafuta ya viazi karai yanachemka kwa kishindo kinachoizidi sauti ya mtangazaji. Nusu ya wateja wameipa televisheni mgongo, kwa kuwa viti vilipangwa kufuata meza na havikupangwa kufuata kioo, na waliobaki wanaitazama sahani ya mbaazi. Vichwa huinuka mara chache, na kwa mambo yale yale: matokeo ya mpira wa jana, bei mpya ya mafuta inapotangazwa katikati ya mwezi, na kivuko cha Likoni. "Ami, hebu tia sauti, wanasema feri!" Mwenye mkahawa, mikono imejaa unga, anamwambia kijana wa chai, "Mwanangu, bonyeza hapo." Sauti inapanda, habari ya feri inakwisha, sauti inabaki juu, na vichwa vinarudi kwenye sahani.

Mtu huyu anasikiliza kisha anatupa jicho. Atakaa dakika kumi na tano, pengine ishirini, ndipo aondoke na nafasi yake ichukuliwe na mwingine ambaye hakuona chochote cha awali. Nyumbani ni vivyo hivyo: mama yuko baina ya jiko na mlango, watoto wanavaa, baba anatafuta funguo, na televisheni inaongea na chumba kizima bila kuwa na mtu mmoja anayeikabili. Mahojiano ya dakika ishirini yanayojengwa hatua kwa hatua, ambayo saa tatu ya usiku yangemshika mtazamaji, asubuhi yanamkuta katikati na kumwacha kabla hayajafika. Si kwamba mtu wa asubuhi ni mjinga kuliko alivyokuwa jana usiku. Mtu ni yule yule; kilichopungua ni nafasi yake. BBC ilikigawa kipindi chake kulingana na nafasi hiyo. TV-am ilikigawa kulingana na umuhimu wa mada, kama inavyopendeza katika maombi ya leseni.

Wapo wanaodai kwamba TV-am ilishindwa kwa sababu tu ilikuja ya pili, na kwamba majuma mawili yalitosha kwa watu kuzoea kituo kingine. Hoja hii ina nguvu kidogo, maana mazoea ya asubuhi ni magumu kuyavunja kuliko ya jioni. Mtu hubonyeza kile alichobonyeza jana, macho yake yakiwa bado na usingizi. Lakini kama kuchelewa ndiko kulikoiua, isingeweza kuja kuipita BBC mwaka haujatimia vizuri, nayo iliipita.

Kwanza ilianguka. Katika majuma ya mwanzo watazamaji wake walishuka hadi kuhesabiwa kwa laki chache, huku BBC ikipita milioni moja. Matangazo hayakuwapo, na sababu haikuwa watazamaji peke yao: chama cha waigizaji, Equity, kilikuwa na mgogoro na kampuni za matangazo juu ya malipo ya waigizaji wanaotokea katika matangazo ya vituo vipya, kwa hiyo hata aliyekuwa tayari kununua nafasi hakuwa na tangazo la kuweka. Jambo hili husahauliwa na wanaopenda kisa kiwe cha majivuno kuadhibiwa. Hata kipindi kizuri kingeumia katika hali hiyo. Kipindi kibaya hakikuwa na pa kuegemea.

Wenye mtaji wakaingia. Peter Jay alijiuzulu, na Jonathan Aitken, mbunge na mwanahisa, akashika uongozi kwa muda kabla ya kumpisha binamu yake Timothy Aitken. Anna Ford na Angela Rippon, waliosimama hadharani upande wa Jay, walifutwa kazi mwezi Aprili. Baadaye Ford alimkuta Jonathan Aitken kwenye tafrija akammwagia mvinyo, na ingawa tukio hilo halina maana yoyote kwa mambo ya utangazaji, limekumbukwa kuliko kipindi chochote walichokitangaza pamoja. Inasimuliwa pia kwamba siku ya mkutano na waandishi wa habari walifika watu wa kampuni ya umeme kudai deni, wakiwa tayari kukata.

Aliyeletwa kuokoa mambo alikuwa Greg Dyke, mwanahabari wa televisheni aliyekuwa bado hajajulikana sana, ambaye miaka mingi baadaye angekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa BBC yenyewe. Hata hivyo, mwanzo wa kupona ulitangulia kufika kwake, na ulikuja kupitia kikaragosi. Anne Wood, aliyesimamia vipindi vya watoto, alimweka hewani wakati wa likizo ya Pasaka panya wa kuchezeshwa kwa mkono aitwaye Roland Rat, mwenye majigambo na miwani ya jua. Watazamaji wakapanda. Waingereza wakafanya mzaha kwamba huyu ndiye panya wa kwanza kukimbilia jahazi linalozama badala ya kulikimbia, na tangu hapo kisa kikasimuliwa kana kwamba panya peke yake ndiye aliyekiokoa kituo.

Siamini maelezo hayo, ingawa ni matamu. Alichokifanya panya ni kubadilisha nani anayeshika rimoti. Wakati wa likizo watoto wako nyumbani asubuhi, nao ndio wenye muda wa kukaa wakaitazama televisheni kwa kuikabili. Mtoto akishachagua kituo, mama hana sababu ya kukibadilisha anapopita na sufuria. Shule zilipofunguliwa, kituo kilikuwa kimekwisha kuingia nyumbani. Lakini mazoea hayo yangepotea ndani ya mwezi kama mama na baba wangemkuta tena Robert Kee na saa yake ya ufafanuzi. Hawakumkuta. Walimkuta Nick Owen, mtangazaji wa michezo aliyepandishwa kwenye kochi kuu, na kuanzia mwezi Juni wakamkuta Anne Diamond kando yake, watu wawili waliokwisha kufanya kazi pamoja zamani katika kituo cha mkoani na waliozungumza bila kushindana. Wakamkuta Wincey Willis wa hali ya hewa na Lizzie Webb wa mazoezi. Wakati wa kiangazi wakamkuta Chris Tarrant akirandaranda katika miji ya pwani ya Uingereza, akiongea na watu waliokuja kuoga baharini. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye jina lake lingeishawishi IBA mwaka 1980.

TV-am ikaipita BBC. Matangazo yakarudi, kisha yakafurika, na kituo kilichodaiwa bili ya umeme kikawa miongoni mwa vituo vilivyopata faida kubwa Uingereza, hasa chini ya Bruce Gyngell, Mwaustralia aliyeingia mwaka 1984 na aliyependa kila kitu kiwe na rangi ya kung'aa na uso wa furaha.

Kisa kingeweza kukomea hapo kikawa hadithi ya wepesi kuushinda uzito, na wengi hukikomesha hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba 1984, bomu la IRA, kundi la wapiganaji waliotaka Ireland ya Kaskazini itoke Uingereza, lililipuka katika Grand Hotel mjini Brighton, ambamo Waziri Mkuu Margaret Thatcher na mawaziri wake walikuwa wamelala wakati wa mkutano wa chama chao. Ilikuwa karibu saa tisa ya usiku. Habari kubwa kuliko zote za mwaka ilitokea hivyo saa chache kabla ya vipindi vya asubuhi, kana kwamba imepangiwa. BBC iliwaonyesha watazamaji moja kwa moja waziri Norman Tebbit akitolewa kwenye kifusi. TV-am, iliyokuwa imebana matumizi upande wa habari, ilimtegemea mwandishi wake kwa simu. IBA iliikaripia na kuitaka itie fedha katika habari. Mtu yule yule wa mkahawani, ambaye kila siku hutaka apewe vipande vifupi na vyepesi, siku ya jambo kubwa hutaka aone, na aone sasa. Asipoonyeshwa hukumbuka ni kituo gani kilichomkosesha. Wepesi unavumilika pale tu ambapo kuna watu wa habari walio tayari nyuma yake, wanaolipwa hata siku ambazo hawaonekani kufanya lolote, na hilo ndilo eneo ambalo mwenye hesabu hulikata kwanza.

Fundisho hilo TV-am haikulishika vizuri. Mwezi Novemba 1987 mafundi wake waligoma kwa saa 24, uongozi ukawafungia nje, na kwa miezi kadhaa kituo kikaendeshwa na mameneja na makarani waliojifunza kushika kamera, wakiziba saa kwa marudio ya tamthilia za zamani za Batman. Mwezi Februari 1988 mafundi 229 walifutwa kazi. Watazamaji hawakuondoka kwa wingi, jambo ambalo viongozi walilichukua kama ushahidi kwamba hawakuwahitaji mafundi. Mimi nalichukua kama ushahidi wa nguvu ya mazoea. BBC nayo ilikuwa imegeuka. Tangu mwishoni mwa 1986 ilianza kuliondoa kochi na kurudisha meza na suti, hadi mwaka 1989 kipindi kikaitwa Breakfast News na kikawa habari tupu. Pande mbili zilizoanza mwaka 1983 zilikuwa zimebadilishana viti kabisa. Channel 4 nayo, ilipoingia asubuhi mwaka 1989 kwa kipindi kizito cha habari, ilirudia kosa la Jay kana kwamba hakuna aliyewahi kulifanya, na mwaka 1992 ikakiondoa na kuleta The Big Breakfast, kipindi cha vurugu na vicheko kutoka nyumba ya zamani kando ya mfereji mashariki mwa London.

Mwisho wa TV-am uliletwa na leseni, na kanuni zilikuwa zimebadilika. Sheria ya Utangazaji ya 1990, iliyoletwa na serikali ya Thatcher, iliondoa utaratibu wa kupima heshima ya waombaji na kuweka mnada: aliyepita kipimo cha ubora kisha akatoa zabuni kubwa zaidi ndiye apewe. Tarehe 16 Oktoba 1991 matokeo yalitangazwa. TV-am ilikuwa imeahidi kulipa kiasi cha pauni milioni 14.1 kwa mwaka. Kampuni mpya iliyokuja kuitwa GMTV iliahidi pauni milioni 34.6. Thatcher, ambaye hakuwa tena madarakani, alimwandikia Gyngell barua ya masikitiko akikiri kwamba sheria iliyomwangusha ilikuwa yake, na Gyngell akaisoma hadharani. TV-am ilizima tarehe 31 Desemba 1992, na kesho yake GMTV ikaanza.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopishana. Mwaka 1980 kundi lilipata leseni kwa kuwapendeza watoa leseni, likawakosa watazamaji. Mwaka 1991 kundi lile lile lilikuwa na watazamaji, likaikosa leseni kwa kuwa watoa leseni walikuwa wameacha kuuliza habari za watazamaji na wanauliza habari za fedha. Mara zote mbili mtu wa jikoni hakuwako katika chumba cha maamuzi. Sisi Wakenya tunalijua jambo hili kwa sura nyingine: Februari 2015, katika mgogoro wa kuhamia mfumo wa dijitali, vituo vikubwa vya binafsi vya nchi hii vilizimwa kwa majuma kadhaa, na hao waliokuwa na watazamaji wengi zaidi hawakuweza kuutumia wingi huo kujizuia wasizimwe. Wenye kituo hulazimika kuwa na hesabu mbili, ya mtazamaji na ya mamlaka, na hatari huanza pale karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya mmoja inapogeuzwa kuwa ratiba ya mwingine.

Kwa hiyo, kwa wale wanaozungumzia kipindi cha asubuhi cha Mombasa, ushauri wangu ni kwamba ombi la leseni na mpango wa kipindi viandikwe na watu tofauti, katika meza tofauti, na mpango wa kipindi uandikwe kwanza. Mpinzani wetu wa kweli saa hizo si kituo cha Nairobi, ni redio. Pwani FM, Radio Rahma na Baraka FM zimekwisha kuingia katika matatu na majikoni, na mji huu ulikuwa ukisikiliza redio yake wenyewe tangu zama za Sauti ya Mvita. Televisheni haiwezi kuishinda redio kwa maneno. Inaweza kuishinda kwa kuonyesha kile ambacho redio inaweza kukitaja tu, nacho kwa mji wa kisiwa ni rahisi kukitambua: foleni ya feri ikoje sasa hivi upande wa Likoni na upande wa kisiwani, barabara ya Kibarani inapitika au imesimama, bahari imechafuka kiasi gani msimu wa kusi.

Tena ratiba haiwezi kuwa moja mwaka mzima. Katika mwezi wa Ramadhani jiko la Mji wa Kale, la Majengo na la Kisauni halina kazi saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Watu wamekwisha kula daku, wameswali alfajiri, na wengi wamerudi kujilaza. Jiko huchangamka alasiri, kuelekea magharibi. Kituo kitakacholeta kochi lile lile na mapishi yale yale asubuhi ya Ramadhani kitakuwa kimeandika tena ratiba ya kumpendeza mtu asiyekuwako, na wenye matangazo ya unga na mafuta ya kupikia watakuwa wa kwanza kuligundua. Ni bora mwezi huo watu na kamera wahamishiwe alasiri, asubuhi ibaki na habari fupi na hali ya barabara, na wenye matangazo waelezwe hivyo kabla ya mkataba kutiwa saini.

Na bajeti ikibana, kama itakavyobana, nitakata kochi kabla ya kukata gari la habari. Kochi linaweza kuazimwa. Kikundi cha watu wawili wenye kamera walio macho saa tisa ya usiku hakiazimwi, na siku kivuko kitakapopata ajali au ghala la bandarini litakapowaka moto kabla ya mapambazuko, hao wawili ndio watakaoamua kama mkahawa wa Mwembe Tayari utaendelea kubonyeza kituo chetu au utakibadilisha.